Isale Nyuma ya Kioo

Nimefundisha sanaa miaka thelathini na minne katika chuo cha ualimu kule Iringa, na katika miaka hiyo nimeona vinyago vibaya, michoro mibaya, hata vyungu vilivyogoma kusimama. Lakini sikuwahi kuona mgomba wa plastiki mjini Moshi mpaka Agosti iliyopita. Ulikuwa umesimamishwa ndani ya Nyumba ya Sanaa na Urithi, kwenye ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga, una vumbi, na mkungu wake umebandikwa kwa gundi. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha, uani kwa jirani, migomba ya kweli ilikuwa imeinamia ukuta, jani moja limepenya kati ya nondo mpaka ndani. Nilitazama ule wa plastiki, nikatazama ile ya jirani, nikakosa hata pa kuanzia kukasirika.

Mlangoni nilikuwa nimeulizwa kama mimi ni mwenyeji au mgeni, ili nikatiwe tiketi. Nikasema mgeni. Nilisema bila kupepesa macho, ingawa nilizaliwa Kirua Vunjo, mlimani juu ya mji huo huo, mahali ambapo gari linafika kwa saa moja hata dereva akisimama kununua parachichi njiani. Lakini nilikuwa sijakanyaga kwetu kwa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimeapa sitakanyaga mpaka kaka yangu Elisifa aniletee isale.

Asiyezaliwa mlimani nimweleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani yale mashamba ya ukoo ambamo mna nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Jani la mmea huo huo likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, linakuwa ombi la msamaha, na ombi hilo halina mzaha. Ukiletewa isale unasamehe, hata kama moyo bado unafuka moshi. Anayelipokea kisha akakaa kimya watu humwogopa kuliko mchawi. Na anayemrudishia mwenzake isale lake mkononi amemwambia mbele ya mashahidi kwamba undugu umekufa. Haya tulifundishwa kabla ya kujua kusoma, na mimi nilidhani siwezi kuyasahau.

Ugomvi wetu ulikuwa wa mpaka. Baba, Mungu amrehemu, alifanya jambo ambalo wazee wengi wa rika lake wasingefanya: alinigawia mimi, binti, kipande cha kihamba kando ya mfereji, chenye kahawa na migomba, akapanda masale kuwa mpaka huku wazee wakiangalia. Wiki mbili baada ya kumzika, Elisifa aliyang'oa masale yote kwa jembe. Akasema binti aliyekwisha kwenda zake Iringa hana haja ya kihamba. Nikamwambia siku nitakayoona isale lake ndiyo siku atakayoniona mimi, nikachukua begi langu nikashuka kwa miguu mpaka barabarani, mvua inaninyeshea.

Hakuleta. Mwaka ukapita, ikapita mitano, ikapita kumi. Nilibadilisha hata laini ya simu ili nisibembelezwe na mtu mwingine yeyote, kwa sababu nilitaka aje yeye. Nilipostaafu niligundua jambo la aibu, kwamba hasira yangu ilikuwa bado nzima lakini mimi mwenyewe nimechoka. Nina miaka sitini na mmoja, Elisifa ana sitini na minane. Nilianza kuota nimeitwa kwenye mazishi yake na sijui nisimame upande gani wa kaburi.

Ndipo nikaona kwenye simu picha za hiyo Nyumba ya Sanaa, picha nzuri kweli, zenye mwanga wa kupendeza. Nikawaambia majirani zangu Iringa kwamba nasafiri kwenda kuangalia sanaa za kwetu, kama watalii wanavyofanya. Uongo mtupu. Nilikuwa nauzunguka mlima kama mbwa aliyefukuzwa jikoni, natafuta kisingizio cha kuwa karibu bila kuvunja kiapo.

Sasa kisingizio chenyewe kilikuwa hiki: vyumba vitatu, na cha tatu kimefungwa kwa sababu mwenye ufunguo amekwenda Himo.

Aliyenitembeza aliitwa Melkior, mtu wa Kibosho, mwenye mvi na mabega mapana. Alikuwa amepandisha wageni mlimani kwa miaka ishirini mpaka goti likamkatalia, na sasa alikuwa anawatembeza watu kwenye vyumba viwili kwa mtindo ule ule. Alinitaka niende polepole. Kati ya chumba cha kwanza na cha pili alinisimamisha ninywe maji. Akaniuliza kama kichwa kinaniuma, nami nikamjibu kwamba hakikuwa kinauma nilipoingia.

Chumba cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Palikuwa na sanamu ya dukani, ile ya kuvalishia nguo, nyeupe, haina mkono mmoja, imevishwa shuka la Kimaasai. Karatasi chini yake ilisema ni mwanamke wa Kichaga akienda kisimani. Sisi tuna mifereji tangu enzi za mababu, visima vya nini? Ukutani palikuwa na twiga waliochorwa wanakula majani kwenye msitu wa mlimani, ambako hakuna twiga aliyewahi kukanyaga isipokuwa kwenye fulana za wageni. Picha kubwa ya Kilimanjaro ilikuwa nakala ya nakala, kilele kimekuwa doa. Sikuona hata chungu kimoja wala kazi ya mhunzi, sikuona chochote ambacho mtu wa huku aliwahi kukifanya kwa mikono yake na kukipenda. Nilishtuka kwa kweli. Nilijiona nimeibiwa, na kilichoibwa si tiketi. Nilimuuliza Melkior kama hana aibu, mtu mzima, kuwaonyesha watu takataka hizi na kuziita sisi.

Akajibu bila kupaza sauti kwamba aibu anayo. Alisema karatasi zote ziliandikwa na kijana mmoja wa kujitolea aliyekaa wiki tatu akaondoka, na kila anapoiambia kamati irekebishe, kamati inasema itakutana. Kisha akanisogeza kwenye kabati la kioo lililokuwa kwenye kona.

"Hapa ndipo nilipogombana nao sana, mama," akasema. "Wewe ni wa mlimani, najua utaelewa."

Nikashangaa amejuaje, maana tiketi yangu ilisema mgeni. Nikainama kusoma. Karatasi ilisema: KIBUYU CHA NGOMA. WACHAGA. Hutikiswa wakati wa kucheza. Majani yaliyofungwa shingoni ni pambo. Zawadi ya familia ya Chandulal.

Pambo! Shingoni mwa kibuyu palikuwa na jani la isale lililokauka mpaka likawa na rangi ya tumbaku, limefungwa fundo moja, ncha zake mbili zinaning'inia. Mtoto yeyote wa mlimani angejua hilo si pambo. Ni mtu alikuwa anamwomba mwenzake msamaha, na sasa maombi yake yamefungiwa kabatini yaangaliwe na watalii. Nilianza kumwagia Melkior maneno yote niliyokuwa nimeyaweka tangu kwenye mgomba wa plastiki. Kuhusu kibuyu nilimwambia hata si cha ngoma, ni cha maziwa, angalia kilivyoshonwa ufa wake kwa waya wa shaba, nani anashona kwa waya kibuyu cha kutikisa?

Hapo nikasogea karibu na kioo, kwa sababu ule waya niliujua.

Nilipiga magoti sakafuni. Upande wa chini wa kibuyu, karibu na kitako, palikuwa na mchoro uliochomwa kwa msumari wa moto. Ulikuwa kuku. Kuku yule alikuwa na miguu mitatu.

Nilimchora mimi, nikiwa na miaka saba. Mguu wa kwanza ulipinda, nikaongeza mwingine wa kuurekebisha, nikasahau kwamba wa pili ulikuwapo tayari. Nilikuwa nimemchora kwenye kibuyu cha mama, kile alichokipenda, alichopewa na mama yake. Mama alipouliza ni nani amekiharibu, Elisifa, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akasema ni yeye. Akachapwa na akanyimwa maziwa wiki nzima. Mimi nilikaa kimya nyuma ya mlango, na sikumshukuru siku ile wala siku nyingine yoyote.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya sanaa, na ilikuwa mbele yangu nyuma ya kioo. Shingoni mwake palikuwa na isale, na ulimwenguni pote alikuwapo mtu mmoja tu wa kufunga isale kwenye kibuyu kile, na mtu mmoja tu wa kufungiwa.

Melkior alinishika kwapani, akaniketisha kwenye kiti cha mlinzi, akanipa maji tena, na kwa mazoea ya miaka ishirini akaniuliza, "Tunashuka, mama?"

Nikamwambia nani anashuka, kibuyu hiki ni changu. Nikamweleza kuhusu kuku. Alimtazama yule kuku muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akatoka nje kumpigia simu mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti alikuwa Indira, binti wa mzee Chandulal. Duka la baba yake la nyuzi na vitambaa lilikuwa mtaa wa pili kutoka pale, na mama yangu alinunua humo maisha yake yote. Mimi mwenyewe, kila nilipotoka Iringa zamani zile, nilipita kwanza kwa Chandulal kumchukulia mama nyuzi, ndipo nikapanda mlimani. Baada ya mama kufa niliendelea kupita, kwa mazoea tu, kunywa chai na kupata habari. Indira alikuwa nyuma ya kaunta tukiwa wasichana wote wawili. Sasa aliingia na nywele nyeupe na funguo za gari mkononi, akanitambua kabla sijamsalimia. Akatazama kabati, akanitazama mimi, rangi ikamtoka usoni.

"Mwalimu Aikaeli," akasema. "Hukukichukua?"

Ilibidi aketi yeye sasa, na Melkior akampa maji yeye. Akasimulia vipande vipande. Mwaka ule ule wa ugomvi, Novemba, Elisifa alishuka mjini na kibuyu kimefungwa kwenye kitenge. Hakuwa na anwani yangu wala namba ya simu. Akamwambia mzee Chandulal kwamba dada yake atapita Desemba, maana hakuna mtu wa mlimani asiyerudi Desemba, na hawezi kupanda bila kuingia dukani kwanza. Basi amkabidhi hiki, wala hakuna haja ya maneno, ataelewa.

Ndivyo kaka yangu alivyofikiri, na mtu yeyote wa kwetu angefikiri hivyo hivyo. Kweli Desemba mlima unajaa watu mpaka magari yanakosa pa kuegeshwa. Alichokosea ni kimoja, kunipimia jeuri kidogo kuliko niliyokuwa nayo. Desemba ile nilikuwa Iringa napaka rangi ukuta ambao hata haukuhitaji rangi. Na miaka iliyofuata, nilipoitwa Moshi kwenye semina za walimu, nilivuka barabara nikapita upande wa pili ili mzee Chandulal asinione akaniuliza habari za nyumbani. Nilipita hatua ishirini kutoka kwenye isale langu, nimeinua pua.

Indira hakuwa amemaliza. Kila Januari Elisifa alikuja dukani kuuliza kama kimechukuliwa. Januari ya tatu mzee Chandulal alikuwa kitandani, mgonjwa, na rafu zilikuwa zimehamishwa ili duka lipakwe rangi. Indira akatazama pale kibuyu kilipokuwa kikikaa, hakukiona.

"Nilimwambia umekichukua," akasema. "Sikukagua stoo. Nilimwambia tu, dada yako amekichukua. Alifurahi sana, Mwalimu. Alininunulia soda. Akasema anawahi nyumbani, maana unaweza kufika wakati wowote."

Hakurudi tena dukani. Kibuyu kilikaa stoo mpaka duka lilipofungwa miaka miwili iliyopita, na wakati huo hakuna aliyekumbuka ni cha nani. Indira akakiona kizuri, akakitoa zawadi.

Nilikaa pale nikihesabu kwa vidole kama mwanafunzi. Miaka kumi na sita. Kwa miaka kumi na sita Elisifa aliamini kwamba nimelipokea isale, na kibuyu cha mama juu yake, nikakaa kimya. Nikakumbuka harusi moja Dodoma ambapo binamu yetu aliuficha mkono wake nyuma nilipotaka kumsalimia, na mimi nikasema moyoni, huyu naye kalishwa maneno na Elisifa. Kumbe alikuwa ananiogopa. Kule mlimani mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kutisha, mtu aliyekataa isale la kaka yake, na nilikuwa sijui lolote, nafundisha watu kufinyanga vyungu.

Nikasema napanda sasa hivi, na kibuyu napanda nacho. Indira akafungua kabati bila kubisha. Lakini Melkior akasimama mbele yangu.

"Mama, hicho usipande nacho."

Nilimwambia aniache. Nilimwambia kama anataka kulinda mali ya makumbusho akalinde mgomba wake wa plastiki, na maneno mengine ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua. Akarudi nyuma hatua moja. Niliondoka bila kumuaga.

Indira alisema yeye ndiye atakayenipeleka, kwa gari lake, ili akaseme kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe. Tulikwenda na barabara ya Himo kisha tukakata kushoto kupanda. Sikuyatazama mandhari ambayo nilikuwa nimeyalilia miaka yote hiyo. Kibuyu kilikuwa mapajani, na kila tulipopiga shimo kilichakarika. Nikachomoa kizibo nikainamisha kidogo mkononi. Zilitoka punje za kahawa, kavu, bado ndani ya maganda yake. Zilikuwa za kwenye kipande changu, hilo halikuhitaji kuandikiwa karatasi. Alikuwa amenichumia.

Indira alikuwa analia huku anaendesha. Mimi sikulia. Nilikuwa napanga maneno: nitamwonyesha kibuyu, nitamwonyesha fundo halijaguswa, ataona kwa macho yake kwamba sikuwahi kulipata. Niliona ni ushahidi mzuri kabisa.

Tulipofika niliteremka kabla gari halijasimama vizuri, nikakwama. Kando ya mfereji palikuwa na mstari wa masale marefu kunipita mimi, yamenyooka, yamepaliliwa chini, na yanaanzia pale pale baba alipoyaanzisha na kuishia pale pale. Ng'ambo yake kahawa ilikuwa imepogolewa kwa mkono wa mtu anayejua, shina zimetandikwa majani makavu ya migomba, na matunda yameiva mekundu. Mgomba mmoja uliozidiwa na mkungu ulikuwa umetegemezwa kwa mti. Hakuna aliyelima kipande changu kukifanya chake. Mtu alikuwa amekitunza kwa miaka kumi na tisa kama anavyotunzwa ng'ombe wa jirani aliyesafiri.

Elisifa alikuwa uani anakatakata shina la mgomba kwa panga, chakula cha ng'ombe. Amekonda, na sweta lake nililikumbuka kwa baba. Mkewe, Tabitha, alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikaingia getini, kibuyu nimekishika mbele yangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka."

Akainua kichwa. Kwa nukta moja uso wake ulifunguka wote, nikamwona yule kijana wa miaka kumi na minne. Kisha macho yakashuka, yakaona kibuyu, yakaona isale limening'inia shingoni. Uso ukafungika. Hakuitikia. Mlimani unaweza kumnyima mtu vitu vingi, lakini shikamoo huitikiwa hata na adui.

Akaweka panga chini taratibu. Tabitha alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Kukaa kimya hakukukutosha," Elisifa akasema. "Umeona uje unirudishie mkononi."

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimeingia kwenye kihamba cha baba yangu, mchana kweupe, mbele ya shahidi, nimembebea kaka yangu isale lake mwenyewe. Mtoto wa mlimani wa miaka sita asingefanya hivyo. Yule mtu wa Kibosho hakuwa analinda kabati, alikuwa ananizuia nisimuue kaka yangu akiwa hai, na mimi nikamtukana. Miaka kumi na tisa ya kujifanya mgeni ilikuwa imenifanya mgeni kweli.

Elisifa aligeuka kuelekea mlangoni, anatembea kama mtu aliyepigwa. Indira akaanza kusema kutoka getini, mzee samahani, mzee ni mimi, lakini hakusikilizwa. Nami niliona wazi kwamba hata akisikilizwa haitoshi. Maneno hayafuti jambo lile. Nikamsukumia Indira kibuyu kifuani, nikaokota panga lililokuwa na utomvu wa mgomba, nikakimbia mpaka kwenye masale. Nikakata jani moja bichi. Nimewafundisha vijana kusuka ukili na kufunga mafundo ya kila aina, lakini vidole viligoma, fundo likafunguka mara mbili. La tatu likashika.

Nilimkuta mguu mmoja umeshapanda kizingiti. Nikapita mbele yake, nikapiga magoti kwenye maganda ya maharage, nikamnyoshea lile jani kwa mikono yote miwili. Habari ya nani alianza na nani aling'oa nini haikunijia kichwani hata kidogo.

"Kaka," nikasema, "naomba."

Alisimama. Nilisikia ng'ombe akitafuna, na mfereji. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, maana desturi inamlazimu, lakini desturi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimetoka kuikanyaga mbele yake dakika moja iliyopita. Sikuthubutu kumtazama usoni. Nilitazama vidole vyake vya miguu, na ukucha mmoja uliopasuka.

Jani likaondoka mikononi mwangu.

Baada ya hapo Indira alisimulia yote, rafu, rangi, stoo na soda, na alipofika kwenye soda Elisifa alikaa chini kwenye kigoda akalia kwa sauti, mzee mzima, bila kujificha. Mimi nililia naye. Tabitha alitupatia shuka moja tufutie nyuso wote watatu. Elisifa hakumlaumu Indira. Alimuuliza tu kibuyu kilikuwa wapi muda wote huu, akaambiwa kwenye kabati, watu wanalipa kukitazama. Akakichukua, akakigeuza chini juu, akaweka kidole kwenye mchoro.

"Kwa hiyo watu wanalipa," akasema, "kumwona huyu kuku niliyechapiwa mimi."

Tabitha alikipokea kwa nia ya kukiweka kabatini ndani, pamoja na vyombo vya wageni. Elisifa akakataa, akamwambia akioshe, ng'ombe atakamwa jioni. Lile isale la zamani alilifungua mwenyewe, likavunjika vipande, akaenda kuvifukia chini ya mpaka. Lile bichi alilichomeka juu ya mlango. Nami niliwaza kwamba kesho kutwa nitashuka mjini na jingine, la Melkior, na kwamba hilo nitalifunga vizuri.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Elisifa alisimama kando ya masale akanionyesha kwa panga mistari yangu, mmoja mmoja, mti upi ulikufa na upi aliupanda badala yake. Alisema amechuma kahawa ya mtu aliyemkataa mpaka mgongo umepinda, na kwamba matunda yale mekundu hayangoji, kwa hiyo kesho niamke mapema nichume mwenyewe. Nikasema nitaamka. Akatembea hatua mbili kuelekea zizini, akasimama, akageuka.

"Marahaba, Aika," akasema.